Ukumbi Kati ya Lavington na Kawangware

Toleo hili linahusu vituo vya jamii jijini Nairobi, na hoja yetu ni kwamba watu wa makabila, dini na vipato tofauti hawapatani kwa kuhubiriwa umoja. Hupatana wanapofanya pamoja kazi yenye manufaa kwa wote, mahali ambapo hakuna mwenyeji wala mgeni. Mwaka 1954 mwanasaikolojia wa Marekani, Gordon Allport, alieleza kwamba kukutana tu hakutoshi kuondoa chuki: watu wakutane wakiwa na hadhi sawa, wawe na lengo moja, washirikiane kulifikia, na wenye mamlaka wawaunge mkono. Magharibi mwa jiji letu panaonyesha yanayotokea masharti hayo yakikosekana. Kila asubuhi wakazi wa Kawangware huenda Lavington kulinda mageti, kufua, kupika na kulea watoto. Wanafahamiana na wenye nyumba kwa majina, lakini mmoja ni mwajiri na mwingine mwajiriwa, na jioni kila mtu hurudi kwao. Hata ndani ya Kawangware, baada ya uchaguzi wa marudio wa Oktoba 26, 2017, majirani waligeukiana kwa misingi ya kabila. Watu wakauawa na mali ikachomwa. Ujirani peke yake haukuwakinga.

Jiji hili limewahi kujaribu kuwakutanisha watu. United Kenya Club ilianzishwa mwaka 1946, enzi ambazo ubaguzi ulifika hadi kwenye rafu za vitabu: Maktaba ya McMillan, iliyofunguliwa mwaka 1931, haikumruhusu Mwafrika kuingia hadi 1958. Klabu hiyo iliwaketisha Waafrika, Waasia na Wazungu meza moja, na ujasiri huo unastahili heshima. Hata hivyo ilikuwa meza ya wasomi na maafisa. Mpishi na dereva hawakuwa na kiti hapo, na mambo yaliyowahusu yalijadiliwa kwingine, kama vile katika ukumbi wa Kaloleni. Ndiyo maana tunasisitiza huduma kuliko karamu. Kuzibua mtaro kabla ya mvua za Machi, au kuwafundisha watoto kusoma Jumamosi, hakumuulizi mtu cheo.

Wapo wanaosema kijana anahitaji ajira, si urafiki. Wana hoja, na kituo kisicho na stadi za kazi hakitajaa watu. Lakini Kazi Mtaani, mpango ulioanza mwaka 2020, uliwalipa vijana wafagie mitaa. Malipo yalipokoma, kazi nayo ikakoma. Ujira bila mahali pa kukutana na kupanga hauachi kikundi kinachosimama chenyewe. Wengine wanasema simu imechukua nafasi ya ukumbi, nao hutaja maandamano ya Juni 2024, vijana walipoitana mitandaoni na kufika katikati ya jiji bila kuulizana kabila. Kweli, simu iliwaita. Ila majeruhi walipohitaji kufungwa vidonda, waliojitolea walihitaji kuta, maji na sakafu safi, na nyumba za ibada ndizo zilizowafungulia milango.

Pingamizi zito zaidi ni la siasa. Wakenya wameona kumbi za umma zikigeuzwa ofisi za kampeni, au zikikodishwa kila wikendi hadi vijana wanabaki nje. Hofu hiyo haijibiwi kwa ahadi bali kwa kanuni: bodi yenye viti vya vijana, wanawake na wakazi wa pande zote mbili, ada zibandikwe mlangoni, na saa za huduma kwa jamii zisiuzwe kwa yeyote. Inawezekana. Book Bunk, shirika lililoanzishwa mwaka 2017, limeshirikiana na kaunti kufufua maktaba za Kaloleni na Makadara, zote za Eastlands. Dagoretti, iliko Kawangware na iliyokuwa na watu zaidi ya 430,000 katika sensa ya 2019, inastahili ukumbi wake vivyo hivyo, na mahali panapofaa zaidi ni mpakani, ambapo mkazi wa Lavington na wa Kawangware wote watafika kwa miguu.

Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linazipa kaunti jukumu la maktaba, michezo na vituo vya utamaduni, kwa hiyo tunadai haki, hatuombi hisani. Bajeti ya kaunti hupitia ushiriki wa umma kila mwaka kabla ya kupitishwa. Msomaji wa Lavington na wa Kawangware, nendeni kikao kimoja, mkae safu moja, muulize ukumbi huo umetengewa shilingi ngapi.