Nani Alimkirimu Nani?

Wanafunzi wangu wakutanapo na neno la Kiingereza hospitality, hulifasiri kwa neno moja tu, ukarimu, wakapita. Hawaulizi neno hilo limetoka wapi. Asili yake ni hospes la Kilatini, nalo lilimtaja mgeni na mwenyeji kwa pamoja. Aliyepokea na aliyepokewa waliitwa jina moja. Kiswahili hakikubali mchanganyiko huo. Mwenyeji hukirimu, mgeni hukirimiwa. Kitenzi chenyewe kimekwisha kata shauri.

Basi na tutazame yaliyotendeka kwetu. Mwaka 2000 Sheria ya Uchaguzi ya mwaka 1985 ilirekebishwa, na kwa maneno ya Kiingereza ikasema kuwa hospitality ya kawaida au ya jadi, ikitendwa kwa nia njema, haihesabiwi kosa. Jambo hilo likapewa jina la takrima. Waingereza wenyewe hawakuwa wepesi hivyo: sheria yao ya mwaka 1883 ilihesabu kumlisha na kumnywesha mtu kwa ajili ya kura yake kuwa uovu, ikauita treating, neno ambalo nje ya mahakama ni la upole mtupu. Wao walilitia neno la upole katika orodha ya makosa ili watu waogope. Sisi tulichukua neno la heshima tukalifanya kawa la kufunikia rushwa.

Mwezi wa Aprili 2006, kwa shauri lililofunguliwa na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu na wenziwe wawili, majaji watatu wa Mahakama Kuu mjini Dar es Salaam walivitangua vifungu hivyo kuwa kinyume cha Katiba, kwa kuwa vilimpendelea mgombea mwenye fedha juu ya asiyekuwa nazo. Vifungu vikafa. Neno likabaki na uvundo.

Hapa ndipo nigombanapo na baadhi ya wataalamu wenzangu. Husema: lugha ni ya wasemao, na wasemao wa Mwananyamala na Mbagala wakisema takrima wana maana ya hongo, tuandike hivyo katika kamusi, yakwishe. Na iandikwe, sikatai. Lakini iandikwe pamoja na mwaka wake, msomaji ajue kuwa maana hiyo haikuzaliwa jikoni kwa bibi zetu. Watu wa Mbagala hawakuibuni. Waliitambua, tena mapema kuliko sisi wenye shahada.

Wengine hunijibu kwa methali: mgeni njoo, mwenyeji apone. Ndiyo, hupona, kwa sababu siku hiyo huchinjwa kuku ambaye watoto walikuwa wakimtazama tu. Kuku ni wa mwenyeji! Methali haikusema mgeni aje na mfuko ili mwenyeji auze kitu.

Nami sijitoi katika aibu hii. Mwaka 2005 nilikuwa kijana wa Tandika, Temeke, na pilau ya kampeni niliila, tena nikarudi kuongeza. Lakini nikumbukalo zaidi ni jambo la alasiri moja kabla ya pilau hiyo. Mgombea mmoja, ambaye sina haja ya kumtaja, aliingia uani kwa mama mmoja jirani yetu. Yule mama alikuwa amefagia tangu alfajiri, ameazima viti nyumba tatu, ametandika mkeka mpya, ameteleka chai ya tangawizi kwa sukari iliyokuwa ya juma zima. Akamwambia, “Karibu mheshimiwa, chai hii.” Mheshimiwa alitazama saa. Wafuasi wake wakamkabidhi mama doti moja ya kanga na kilo ya sukari, wakaondoka, na vumbi likawafuata.

Jioni ile barazani watu walizungumza sana juu ya takrima ya mgombea. Chai ilikuwa bado mezani, imepoa, na hapana aliyeipa jina.