Bisi, Chumvi na Jiko la Umeme: Ushauri wa Chakula Uingie Jikoni

Kila siku ya kliniki, mgonjwa wa shinikizo la juu la damu husikia maneno yale yale: punguza chumvi, punguza mafuta, achana na vitafunwa vya barabarani. Ni maneno sahihi kitabibu, lakini ni nusu ya tiba. Mgonjwa hurejea nyumbani akijua asichopaswa kula, huku akiwa hajui atafune nini jioni, watoto wakiwa wamekusanyika mbele ya televisheni na mgeni akibisha hodi. Makala haya yana hoja moja tu: ushauri wa chakula haujakamilika mpaka uingie jikoni na utaje kipimo, chombo na namna ya kupika. Mfano wa hoja hiyo ni mdogo na wa kufurahisha, nao ni bisi zenye ladha ya zile za sinema, zikipikwa nyumbani katika jiko la umeme la presha.

Mwaya, katika Wilaya ya Kyela, kwenye ufuko wa kaskazini wa Ziwa Nyasa, ni nchi ya mpunga, ndizi, kakao, michikichi na samaki. Anayeitaja Kyela hafikirii bisi. Hata hivyo bisi zimeenea kila mahali nchini: stendi za mabasi, milango ya shule, vibanda vya kuonyeshea mpira na filamu. Umeme nao unazidi kusambaa vijijini. Bei ya kakao ilipopanda sana katika soko la dunia mwaka 2024, wakulima wengi walipata fursa ya kufikiria vyombo ambavyo zamani vilionekana kuwa vya watu wa mjini. Mwaka huo huo, tarehe 8 Mei, Serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034, wenye lengo la kuwafikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati hiyo ifikapo mwaka 2034. Jiko la umeme la presha ni miongoni mwa vyombo vinavyopigiwa debe.

Sababu ya kulipigia debe ni nzito. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, moshi wa majumbani ulisababisha vifo vipatavyo milioni 3.2 duniani katika mwaka 2020, vikiwamo vya watoto zaidi ya 237,000 wenye umri chini ya miaka mitano. Kwa hiyo jiko lisilotoa moshi ni chombo cha afya. Lakini chombo kikiingia nyumbani bila mafundisho, huja na hatari zake, na bisi zinaonyesha jambo hilo waziwazi.

Kwanza, bisi zenyewe hazina hatia. Ni mahindi mazima, yenye ganda na kiini chake. Gramu 100 za bisi zisizotiwa mafuta huwa na nyuzinyuzi zipatazo gramu 15, kiasi ambacho unga wa sembe ulioondolewa ganda haukikaribii. Nyuzinyuzi hulainisha choo, hushibisha mapema na hupunguza kasi ya sukari kuingia katika damu. Kinachoigeuza bisi kuwa adui wa mishipa ya damu ni kile kinachomiminwa juu yake.

Hapo ndipo historia ya sinema inapohusika. Mnamo mwaka 1893, Charles Cretors alionyesha mashine yake ya bisi iliyoendeshwa kwa mvuke katika maonyesho makubwa ya Chicago, nchini Marekani. Miongo michache baadaye bisi zilikuwa zimeingia katika majumba ya sinema, na biashara ikaziongezea mvuto kwa mambo matatu: mafuta yaliyotiwa rangi ya manjano, mara nyingi ya nazi, chumvi iliyosagwa hadi kuwa vumbi, na viungo vyenye harufu ya siagi. Mwaka 1994 kituo kimoja cha kutetea walaji nchini humo kilipima bisi hizo. Kilitangaza kwamba fungu la wastani lililopikwa kwa mafuta ya nazi na kumiminiwa mafuta ya ladha ya siagi lilikuwa na mafuta mengi kuliko kifungua kinywa cha mayai na nyama ya nguruwe, mlo wa mchana wa baga na chipsi, na mlo wa jioni wa nyama ya kuchoma, vyote vikijumlishwa.

Hata harufu ya siagi ina habari yake. Mwaka 2000 wafanyakazi wanane wa zamani wa kiwanda cha bisi huko Jasper, Missouri, waligunduliwa kuwa na ugonjwa mkali wa kuziba kwa vijia vidogo vya hewa katika mapafu. Uchunguzi uliofuata uliuhusisha na mvuke wa kemikali ya kuleta harufu ya siagi waliyoivuta kazini. Mlaji wa kawaida hayumo katika hatari ya kiwango hicho, lakini hana pia sababu ya kutafuta unga wa harufu ya kiwandani ili kufurahia bisi nyumbani kwake.

Mkazi wa Mwaya ana jibu lake karibu na mlango. Rangi ya manjano inayotafutwa na wauza bisi wa sinema hutokana mara nyingi na beta-karotini, na mawese mekundu ya michikichi ya Kyela yanayo rangi hiyo kwa asili. Kijiko kimoja kidogo cha mawese kikichanganywa na mafuta ya alizeti hutosha kuzipa bisi rangi na harufu nzuri. Kisizidi kijiko hicho, kwa kuwa karibu nusu ya mafuta ya mawese ni yale magumu yanayopandisha lehemu katika damu. Alizeti ibebe kazi ya kukaangia, mawese yalete rangi.

Chumvi nayo ina ujanja wake. Ulimi huonja chumvi iliyoyeyuka tu. Punje kubwa hudondoka chini ya bakuli, na mlaji huongeza nyingine. Chumvi iliyotwangwa kwenye kinu kidogo hadi ilainike kama unga hushika juu ya bisi, hivyo kiasi kidogo huonekana kingi. Robo ya kijiko cha chai, sawa na takriban gramu moja na nusu, inatosha chungu kizima cha watu wanne. Kila mmoja atapata chini ya nusu gramu, wakati kiwango cha juu cha siku nzima kinachoshauriwa na Shirika la Afya Duniani kwa mtu mzima ni chini ya gramu 5. Katika nchi ambayo utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta takriban mtu mmoja kati ya wanne wenye umri wa miaka 25 hadi 64 ana shinikizo la juu la damu, tofauti kati ya chumvi ya kupima na ya kukisia si jambo dogo.

Sasa jiko. Wengi hudhani kwamba, kwa kuwa jiko hilo lina presha, bisi zitapasuka kwa presha hiyo. Dhana hiyo ni potofu na ni ya hatari. Punje ya bisi hupasuka kwa presha iliyo ndani yake yenyewe. Unyevu uliofungiwa na ganda hugeuka mvuke, na joto likifika karibu nyuzi 180 za Selsiasi mgandamizo wa ndani hufikia takriban mara tisa ya ule wa hewa, ganda likashindwa na wanga ukafumuka. Jiko lililofungwa likiwa na maji haliwezi kuvuka nyuzi 120 hivi, kwa hiyo punje zitachemka bila kupasuka. Likifungwa likiwa na mafuta ya moto badala ya maji ni hatari zaidi, kwa maana halikuundwa kwa kazi hiyo. Mpira wa kifuniko unaweza kuharibika, na mafuta yakiruka huunguza uso na mikono kwa kina kuliko maji ya moto. Kanuni ni moja na isisahaulike: kwa bisi, kifuniko cha presha hakifungwi kamwe.

Kinachotumika ni kitufe cha kukaangia. Mafuta ya alizeti vijiko viwili vya chakula, pamoja na kile kijiko kidogo cha mawese, huwekwa katika chungu kikavu pamoja na punje tatu za majaribio. Punje hizo zikipasuka, nusu kikombe cha mahindi ya bisi, yaani gramu 100 hivi, humiminwa na kukorogwa kwa mwiko wa mti hadi zote zipate mafuta. Kisha hufunikwa kwa kifuniko cha kawaida cha kioo au cha sufuria, kikiachiwa upenyo mdogo wa mvuke kutoka ili bisi zisilainike. Chungu hakitikiswi juu ya jiko. Mlio ukipungua hadi sekunde mbili au tatu kati ya punje moja na nyingine, jiko huzimwa na bisi humiminwa mara moja kwenye bakuli kavu, chungu kikishikwa kwa kitambaa kinene. Chumvi hunyunyizwa mwisho. Jiko la wati 1,000 likiwaka kwa dakika 12 hutumia tano ya uniti moja ya umeme. Jiko lisilo na kitufe cha kukaangia, au linalokataa kuwaka likiwa wazi, lisilazimishwe. Sufuria nzito juu ya jiko la gesi hufanya kazi hiyo hiyo.

Mahindi yenyewe yachaguliwe. Mahindi ya kawaida ya ugali hayapasuki vizuri. Yanahitajika yale madogo, magumu, ya aina ya bisi. Mahindi ya mbegu yaliyopakwa dawa, ambayo mara nyingi huwa na rangi isiyo ya asili, ni sumu na hayaingii jikoni hata kidogo. Na katika ukanda wenye mvua nyingi na hewa nzito kama wa Kyela, punje zilizoota ukungu au kubadilika rangi zitupwe. Mwaka 2016 sumukuvu iliyokuwa katika mahindi iliua watu 20 katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Joto la kupikia haliiondoi sumu hiyo, na punje iliyopasuka vizuri si ushahidi kwamba ni salama.

Wapo pia ambao bisi si zao. Mtoto aliye chini ya miaka minne asipewe, kwa kuwa ganda au punje isiyopasuka huingia kwa urahisi katika njia ya hewa. Mtoto wa zaidi ya mwaka mmoja aliyepaliwa na kushindwa kupumua, kulia au kukohoa apigwe mapigo matano kati ya mabega, kisha asukumwe tumbo mara tano juu ya kitovu, kwa zamu, huku msaada ukiitwa. Mhudumu wa afya naye akumbuke kwamba punje ya mahindi kwa kawaida haionekani kwenye picha ya eksirei. Mtoto aliyepaliwa ghafla akila bisi, kisha akabaki na kikohozi au mluzi wa upande mmoja wa kifua, apewe rufaa hata kama picha ni safi. Kutoka Mwaya hadi Jiji la Mbeya ni zaidi ya kilomita 100 za kupanda milima ya Rungwe. Siku zinazopotea kwa kutibu nimonia isiyokuwapo hazirudi.

Mgonjwa wa kisukari hakatazwi bisi, ila azihesabu. Robo ya chungu kilichoelezwa hapa ina wanga upatao gramu 18, hivyo ichukue nafasi ya kitafunwa kingine badala ya kuongezwa juu yake, tena bila sukari. Mwenye ugonjwa wa figo azungumze kwanza na anayemtibu.

Yupo atakayeuliza kama ni kazi ya hospitali kufundisha upishi wa bisi wakati dawa za presha hazimtoshi kila mgonjwa. Swali hilo ni la haki, na jibu lake limo ndani yake: dawa zikiwa haba, chumvi isiyoliwa ina thamani zaidi. Yupo pia atakayehofu kwamba kuruhusu bisi ni kufungua mlango wa vitafunwa vyote. Uzoefu wa kliniki za magonjwa sugu unaelekea upande mwingine. Katazo lisilo na mbadala huvunjwa kimyakimya, kisha mgonjwa aliyelivunja huona haya kurudi kliniki. Anayepewa kipimo anaweza kukitii, na akikosea anaweza kusema.

Kwa hiyo siku ya kliniki iwe na meza yenye kijiko cha chai, kikombe, chumvi iliyotwangwa na jiko moja la umeme. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii apike mbele ya watu kwa dakika 12, aonyeshe robo ya kijiko ilivyo ndogo, aonyeshe kifuniko kisichofungwa, na wagonjwa waonje. Wauzaji wa majiko haya nao waambatanishe maelekezo ya Kiswahili yanayotaja yanayokatazwa sawasawa na yanayoruhusiwa. Gharama yake ni gramu 100 za mahindi, na mgonjwa ataondoka akiwa na jambo la kufanya jioni ile ile, pamoja na tarehe ya kurudi kliniki.