Fedha za Hisani na Utulivu wa Arua na Koboko

Askari wengi hudhani kwamba kuomba fedha kutoka mifuko binafsi ya hisani ni shughuli ya raia, isiyowahusu walinzi wa nchi. Fikra hiyo yafaa isahihishwe, hasa miongoni mwa wale walio kazini Arua na Koboko. Mwezi wa Septemba 2020, katika makazi ya wakimbizi ya Rhino Camp, ugomvi kati ya wenyeji na wakimbizi ulianzia mahali pa kuteka maji, ukaishia kwa kuuawa wakimbizi 10 wa Sudan Kusini. Bunduki yaweza kuzima ghasia za namna hiyo, lakini haiwezi kuchimba kisima. Kwa hiyo kikundi cha wananchi kinachopata fedha za kisima humpunguzia askari kazi ambayo angeitiwa usiku.

Mambo yaliyotokea mwaka 2025 yameongeza uzito wa suala hili. Rhino Camp ilikwisha kupokea umati wa watu waliokimbia vita vya Sudan Kusini vya 2016, na Lobule, wilayani Koboko, inawahifadhi wakimbizi kutoka Kongo. Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na ilipofika Julai shughuli za shirika lake la USAID zilikomeshwa. Mei ya mwaka huo huo Shirika la Chakula Duniani liliacha kuwagawia chakula wakimbizi wapatao milioni moja nchini Uganda kwa upungufu wa fedha. Kwa vikundi vidogo, mifuko ya hisani ni mmoja wa milango michache iliyosalia.

Mfuko wa namna hiyo ni mali iliyotengwa na mtu, ukoo au kampuni ili itumike kwa manufaa ya umma. Mfuko wa Ford uliundwa 1936. Ule wa Aga Khan, ambao kazi zake zimefika hata Nile Magharibi, uliundwa 1967. Lakini si kila mfuko hupokea maombi. Mfuko wa Gates, kwa mfano, haupokei andiko ambalo haukuliitisha wenyewe. Hatua ya kwanza, basi, ni kujua mlango upi u wazi kabla ya kubisha hodi.

Wapo wanaolalamika kwamba mifuko ya Marekani huuliza maswali kana kwamba inamhoji mshtakiwa. Maswali hayo yana asili yake. Tangu 1969, sheria ya kodi ya Marekani huutaka mfuko binafsi unaotoa fedha nje ama uthibitishe kwamba kikundi kinachopewa kinalingana na shirika la hisani la huko, ama ukichunguze kwanza, uandikiane nacho mkataba na upokee taarifa za matumizi. Mfuko ukikiuka, hutozwa kodi ya adhabu. Anayetaka kuona daftari lako la fedha anajilinda yeye mwenyewe, hakudharau.

Uganda nayo ina masharti yake. Kwa Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya 2016, shirika haliruhusiwi kufanya kazi wilayani bila idhini ya kamati ya wilaya inayosimamia mashirika hayo, na bila kutia sahihi makubaliano na serikali ya mtaa. Ofisa wa usalama wa ndani wa wilaya ni mmoja wa wajumbe wa kamati hiyo. Hapo ndipo kazi ya ulinzi inapokutana na ombi la kisima. Barua ikilala mezani miezi miwili, tarehe ya mwisho ya mfuko hupita, na kisima hupita nayo. Kuchunguza ni wajibu. Kuchelewesha ili kungojea chai ni kuihujumu amani ile ile tuliyokabidhiwa.

Hata hivyo, lawama zisitupwe upande mmoja. Vikundi vingi huanza kujitayarisha pale tu vinaposikia kwamba kuna fedha, kisha huandika kilio kirefu badala ya mpango. Msaada hupatikana kabla ya ombi kuandikwa. Hupatikana katika usajili, katika akaunti ya benki yenye watia sahihi zaidi ya mmoja, katika kumbukumbu za mikutano na hesabu zilizokaguliwa. Andiko la kisima litaje nyumba zitakazohudumiwa, mwenye ardhi, fundi wa pampu, na mchango wa kila nyumba kwa matengenezo. Litaje pia kwamba mwenyeji na mkimbizi watateka pamoja. Asemaye hayo kwa uhakika huaminiwa na fedha kidogo, na akizitunza huaminiwa na nyingi.

Mafunzo haya yanazihusu pia familia zetu. Wake wa askari wana vikundi vya akiba, na wastaafu wana vyama vyao. Nile Magharibi wamo vilevile wapiganaji wa zamani wa UNRF II, waliotia sahihi mapatano na serikali huko Yumbe tarehe 24 Desemba 2002. Wote hao waweza kuomba wakijipanga kama raia, bila kutumia cheo wala sare kama dhamana. Nao wajihadhari na matapeli: mtu akidai ada ya kwanza ili fedha za hisani zitolewe, apelekwe kituo cha polisi, na askari wa zamu amfungulie jalada bila kumcheka aliyekaribia kutapeliwa.

Mlinzi wa amani hangojei moto uwake ndipo atafute maji. Afahamu utaratibu huu, auelekeze kwa wanaomzunguka, na barua halali ikifika mezani pake ashughulike nayo siku hiyo hiyo.