Ua wa Saiprasi Haukatwi Kama Chai

Najua jarida hili hupenda makala juu ya nidhamu, mitihani na tofauti ya maisha ya mjini na ya mashambani. Mimi mwaka huu nataka kuzungumza juu ya ua. Ndiyo, ua! Ule wa miti, unaotuzunguka asubuhi tukiwa gwarideni na unaotuona tukichelewa.

Ukitembea kutoka soko la Ikonge ukielekea Ekerenyo, hesabu nyua za saiprasi utakazopita. Kisha hesabu zile ambazo hazina upara. Kwa macho yangu mimi, za upara ni nyingi zaidi. Juu kijani, chini vijiti vikavu, katikati pengo ambalo kuku, mbuzi na hata mwizi aliyeshiba wanaweza kupita bila kuinama. Watu husema, "Ni ugonjwa huo." Wengine husema ni jua. Maoni yangu ni kwamba mara nyingi si ugonjwa wala si jua, ni panga. Na kwa vile tangu muhula uliopita kuna maneno ya kuung'oa ua wetu wa shule na kujenga ukuta wa mawe mahali pake, nimeona heri niseme sasa kabla jembe halijafika.

Kwanza niulize, mti huu tunauitaje? Klabuni tulibishana hadi kengele ikalia. Mmoja alisema ni mvinje, lakini mvinje wa watu wa pwani ni mti mwingine kabisa, ule wa ufuoni wenye majani kama nyuzi. Mwingine akasema msonobari. Huo nao ni wa sindano ndefu, ule tunaouita paini. Aliyesoma Biblia vizuri akaleta mberoshi, nasi tukampigia makofi, ingawa ukienda kwenye kitalu ukaomba miche ya mberoshi, mama muuzaji atakuangalia tu. Basi mimi nitaandika msaiprasi, na anayetaka kunisahihisha aje na kamusi.

Sasa tuingie kwenye jambo lenyewe. Sisi watu wa Nyamira mikono yetu imefundishwa na chai. Mti wa chai hukatwa kila baada ya miaka mitatu au minne hadi ukabaki kisiki cha vijiti visivyo na jani hata moja. Mgeni akiona shamba hilo atadhani limeangamia. Ngoja wiki chache, machipukizi haya hapa! Mkaratusi nao ni vivyo hivyo: kata leo, baadaye kisiki kitatoa vijana watatu au wanne. Majani ya ng'ombe, ndiyo usiseme. Mtoto wa hapa kwetu anakua akiamini kwamba kila kitu cha kijani kikikatwa kitarudi, tena kitarudi kwa nguvu.

Msaiprasi haurudi. Jani lake liko nje tu, kama nguo. Ndani ya ua kuna giza na matawi ya kahawia ambayo yalikwisha kupoteza majani zamani, na juu ya mbao hizo kuukuu hakuna jicho lililolala likingoja kuamshwa. Ukikata ukaacha kijani kidogo kwenye tawi, tawi litaendelea. Ukikata ukapita kijani na kuingia kwenye kahawia, tawi hilo limekwisha. Si mwaka huu, si mwaka ujao, limekwisha. Unaweza kumwaga samadi gari zima, wapi!

Hili si jambo dogo la mapambo. Mashamba yetu ni finyu, na ua ndio mpaka. Nawafahamu ndugu wawili, baba mmoja mama mmoja, ambao waliachiwa ua wa saiprasi katikati ya vipande vyao. Mmoja alikuwa na chai karibu na ua, na kivuli kikamkera. Kwa haki kabisa, maana msaiprasi ukiachwa urefuke hufyonza maji, na chini yake hata nyasi husitasita. Siku moja akachukua panga akachonga upande wake hadi kwenye mashina. Upande huo ukawa ukuta wa mifupa. Nduguye akaona ni matusi, akasema mpaka umeharibiwa, wazee wakaitwa, kisha naibu wa chifu. Kila mtu alizungumza juu ya urithi na heshima. Hakuna aliyesema kwamba kama ua ule ungekatwa kidogo kidogo kila mwaka tangu mwanzo, kivuli kisingekuwako na panga lisingehitajika. Mpaka leo hawasalimiani vizuri.

Methali yetu ya samaki mkunje angali mbichi naona ilitungiwa ua. Panda mche mvua za masika zikianza, mwezi wa Machi au Aprili, ukiwa na urefu wa rula ya darasani hivi. Toa mfuko kabla ya kupanda (nimeona watu wakizika mche na mfuko wake, jameni), na mizizi iliyojizungusha ifungue kwa vidole. Kati ya mche na mche acha kama sentimita 30. Mwaka wa kwanza kazi yako ni palizi na kumfunga mbuzi mbali. Ikishaanza kushikana, punguza ncha za pembeni, ncha tu, ili matawi yajae. Kichwa usikiguse mpaka kifike kimo unachotaka, kisha hapo ndipo ukizuie.

Halafu kuna umbo. Watu wengi hukata ua ukawa mpana juu na mwembamba chini, kama mtu aliyebeba gunia. Ni kwa sababu mkono huchoka ukifika chini, tena juu ndiko kunakokua haraka. Ua wa namna hiyo hujitilia kivuli wenyewe, na matawi ya chini yakikosa mwanga hufa. Inatakiwa kinyume: chini pawe papana kidogo kuliko juu, ili jua lifike mpaka magotini. Kamba na vijiti viwili vyatosha kukuonyesha mstari. Kata mara mbili au tatu kwa mwaka, kwa makasi makali, ukiondoa yale machipukizi laini ya juzi juzi tu. Januari na Februari kukiwa kukavu, uache upumzike. Ni kazi ya saa chache. Tunaiahirisha miaka mitano halafu tunataka kuimaliza kwa panga siku moja.

Sisemi kwamba ugonjwa haupo. Wazee wetu wanakumbuka mwaka 1990, mdudu mgeni alipofika Kenya, kidukari wa saiprasi, ambaye miaka minne kabla, mwaka 1986, alikuwa ameonekana Malawi. Ni mdogo, wa kahawia, hujipanga kwenye matawi membamba ndani ya ua akifyonza, na mate yake ni sumu kwa mti. Majani hugeuka kahawia, na chini yake hunata maji matamu yanayoita sisimizi na ukungu mweusi kama masizi. Nyua na mashamba ya serikali yalikauka sehemu nyingi za nchi. Wataalamu waliomba msaada kwa nyigu mdogo sana anayetaga mayai yake ndani ya mwili wa kidukari. Aliachiliwa Malawi mwaka 1994, na baadaye akaletwa nchi nyingine za huku, Kenya ikiwemo. Kwa hiyo ukiona ua unakuwa kahawia, fungua matawi utazame ndani. Ukikuta vidukari, ni wao. Usipowakuta na pale penye kahawia kuna alama ya panga, unajua mkosaji ni nani.

Rafiki yangu mmoja wa Kidato cha Tatu, mpenda mazingira sana, aliniambia ninatetea mgeni. Ni kweli, msaiprasi huu asili yake ni Meksiko na nchi jirani za Amerika ya Kati. Jina lake la kisayansi, Cupressus lusitanica, lina Ureno ndani yake kwa sababu wataalamu wa Ulaya waliuelezea kutokana na miti iliyokuwa imepandwa huko Ureno. Yaani hata jina ni la ugenini. Akaniuliza kwa nini nisitetee mtarakwa, ambao ni wetu wa milimani na mbao zake zilitengenezea penseli. Hoja yake ni nzuri nami nampa nusu. Mtarakwa hukua polepole, na mzazi anayetaka kuzuia ng'ombe wa jirani hawezi kuungoja. Tena kidukari yule haubagui, anaushambulia nao. Nusu ninayompa ni hii: tusiweke mti wa aina moja peke yake kila mahali. Tuchanganye na kayaba kwenye ua, na mitarakwa michache pembeni mwa uwanja. Mdudu wa mwaka 1990 alikuta meza moja ndefu imeandaliwa chakula kimoja, akala.

Kisha kuna Krismasi. Kila Desemba vijana hupita usiku wakikata vilele vya saiprasi za watu wapeleke kanisani na madukani. Mti uliokatwa kilele hutoa vilele viwili vitatu vinavyopigana, na mbao yake ya baadaye haina maana. Mimi siwalaumu wanaotaka kijani siku ya Krismasi, hata sisi nyumbani tunakipenda. Nauliza tu kwa nini tusifanye ukataji wa mwisho wa mwaka katika wiki ya pili ya Desemba, mchana, kwa ruhusa ya mwenye ua, na matawi hayo hayo yapelekwe kanisani? Yatakuwa mabichi, na hakuna atakayefukuzwa na mbwa.

Nirudi kwenye ua wa shule. Nimeupima kwa hatua zangu, na baadaye kwa utepe niliouazima ofisi ya michezo. Upande wa barabara ni mzima kabisa, unahitaji makasi tu. Upande wa mashariki, nyuma ya mabweni, chini pana upara ila juu pana uhai. Hapo kayaba yaweza kupandwa mbele yake. Sehemu iliyokufa kweli ni ile karibu na lango, ambapo ulikatwa hadi kwenye kahawia mwaka juzi kabla ya siku ya wazazi ili upendeze. Sehemu hiyo ina urefu wa mita 9. Kwa ajili ya mita 9 eti tunataka kujenga ukuta kuzunguka shule nzima, na karo iongezwe! Usipoziba ufa utajenga ukuta, ndivyo tulivyofundishwa, na hapa ukuta ni ukuta wa kweli wenye saruji na fundi wa kulipwa.

Vile visiki vya langoni ving'olewe vyote, maana mche uliobanwa kati ya miti mikubwa haukui, hukaa hapo umedumaa. Mita 9 kwa nafasi ya sentimita 30 ni miche 30 au 31. Klabu yetu ina pesa za tamasha la mashairi zilizobaki, nazo zinatosha miche na samadi. Kidato cha Kwanza wachimbe mashimo, sisi wa Kidato cha Pili tushike kamba ili mstari unyooke. Mvua zikikawia, kila mmoja ajue mche wake ni upi na ndoo iko wapi.