Kitabu cha Kidijitali Kianzie Mpanda

Wasomi wenzangu, naomba nianze na kile kiduara kinachozunguka katikati ya skrini ukifungua kitabu mtandaoni. Nilipokuwa BTP Mpanda nilikiangalia mpaka nikakizoea. Kidato cha pili, Biolojia, nakala hazitoshi, nikajisemea: si kitabu kipo mtandaoni? Bando likakata kabla ya ukurasa wa tatu. Na ukurasa wenyewe ulikuwa picha ya karatasi tu. Unavuta, unasogeza kulia, ukirudi kushoto umeshasahau sentensi ilianzaje.

Sisemi kuweka vitabu mtandaoni ni kazi bure. Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania ni hatua kubwa. Ila kukipiga picha kitabu si kukitengenezea uso mpya, na uso ndio mwanafunzi anaouona na kuugusa. Wana wa kompyuta (nawajua, tunakaa bweni moja) mnapenda kuanza na skrini pana na video. Anzeni na simu yenye kioo kilichopasuka. Maandishi yaje kwanza, yajipange kwa upana wa kioo. Video mtu aiombe mwenyewe. Sura ikishafunguka mara moja ibaki ndani ya simu, maana vivinjari vya siku hizi vinaliweza hilo, ili kesho isomwe bila bando. Katavi, mkoa uliomegwa kutoka Rukwa mwaka 2012, ulitegemea umeme wa jenereta kwa miaka mingi. Kitabu kinachodai mtandao kila dakika hakikutengenezwa kwa ajili ya watu wa huko.

Halafu kuna lugha, na hapa ndipo panaponiuma. Mtoto amesoma usanisinuru shule ya msingi, kwa Kiswahili. Sekondari anakutana na "photosynthesis", anadhani ni kitu kipya kabisa. Binti mmoja alikuwa amelinakili neno hilo pembeni mwa daftari karibu mara kumi, herufi zote sahihi. Nilipomuuliza maana, akacheka kwa aibu. Kumbe analijua jambo lenyewe tangu msingi! Kitabu chenye akili, ukiligusa neno, kingekuonyesha lile la Kiswahili palepale. Na akijibu kwamba mmea unakula udongo, kisimwambie "umekosa" kikanyamaza. Kimweleze kwa nini, kimrudishe kwenye aya husika.

Mtasema wanafunzi hawaruhusiwi simu shuleni. Kweli. Ndiyo maana kisidai kila mmoja awe na barua pepe na nywila. Kikubali kompyuta moja na watoto sita: andika jina lako, endelea ulipoishia jana.

Kwa hiyo, wa TEHAMA mnaotafuta mada ya mradi wa mwaka wa mwisho, sisi wa elimu tupo. Tuanze na sura moja ya Biolojia. Simu ya kujaribia ninayo, kioo chake kimeshapasuka.