Nani Aliwatuma Waifungue?

Mwaka jana tulimzika shosho, na kazi niliyopewa na familia ilikuwa moja tu: kutafuta picha nzuri ya kuweka kwenye fremu. Kazi rahisi. Picha ilikuwepo na kila mtu alijua ni ipi. Shosho ameketi karibu na jiko la nje, anacheka, kitambaa kimemteleza kichwani. Binamu yangu aliipiga Krismasi moja akaituma kwa kundi la familia. Simu yake iliibiwa stejini miezi miwili baadaye, lakini kwani kuna aliyejali? Kundi lina watu 43. Picha iko kwa simu 43.

Jamaa wa kuprinti aliifungua kwa kompyuta, akaikuza, akaniangalia.

"Boss, hii nikitoa A2 itakuwa maboksi maboksi. Huna orijino?"

Nikampigia mama. Mama akampigia shangazi, shangazi akawaamsha wengine. Picha zikaanza kuingia moja baada ya nyingine, na zote zilikuwa ile ile: pikseli 1600 kwa 1200, kilobaiti mia moja themanini na kitu. Simu ya binamu ilikuwa ikipiga picha za 4000 kwa 3000. Fanya hesabu mwenyewe. Pikseli milioni 12 ziliingia, zikatoka chini ya milioni 2, na uso wa shosho ulikuwa pembe moja tu ya hiyo picha. Tulikuwa na nakala 43 za kitu kilichokatwa kabla hakijamfikia yeyote.

Programu za chati za siku hizi hujisifu kwamba ujumbe wako umefungwa kwa usimbaji fiche kutoka simu hadi simu, hata seva zao hazioni ndani. Hilo ni jambo zuri, silibishi. Lakini hebu fikiria maana yake. Kama seva haiwezi kuiona picha, haiwezi kuipunguza. Basi nani aliipunguza? Simu yako mwenyewe, mkononi mwako, kabla kufuli halijafungwa, kwa amri ambayo hukuitoa. Na haikukuambia.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, kwa sababu ya karo na mambo mengine ambayo si ya leo. Katika hiyo miaka miwili ya kompyuta, kitu nilichokisoma kwa moyo hakikuwa kwenye silabasi. Kilikuwa msimbo wa libpurple, maktaba iliyo chini ya Pidgin. Pidgin ni programu ya chati iliyoanzishwa na Mark Spencer mwaka 1998 ikiitwa Gaim, ikabadilishwa jina 2007 baada ya mvutano na AOL kuhusu alama ya biashara. Wengi wenu hamjawahi kuiona, na hamjakosa sana. Sura yake ni ya kizamani. Ila ndani ya libpurple kuna ghala la picha, msimbo mfupi tu wa lugha ya C, na ukitaka kulipa picha unalipa vitu vitatu: baiti zenyewe, idadi yake, na jina la faili kama unalo. Imeisha hivyo. Haliulizi upana wala urefu. Kuchora picha kwa skrini ni kazi ya Pidgin, dirisha lililo juu yake. Maktaba inatunza, dirisha linaonyesha, na hizo ni kazi mbili.

Nilipenda pia kwamba maelezo ya ile fanksheni yanataja umiliki. Yanasema ghala likishapokea data, data ni yake na ni jukumu lake kuifuta wakati ukifika. Kila picha ina hesabu ya wanaoishikilia, na hesabu ikifika sifuri ndipo kumbukumbu inaachiliwa. Kwa C huwezi kulikwepa swali la "hii ni ya nani?" Ukilikwepa, programu inaanguka au inavuja. Na maktaba ikitaka kujua ni picha ya aina gani, haisomi jina la faili. Inatazama baiti chache za mwanzo. Ikikuta GIF8, ni GIF. Ikikuta FF D8 FF, ni JPEG. Ni kama kondakta anayesoma lebo ya gunia bila kugusa kamba.

Siifanyi malaika. Zile picha ndogo za wasifu, Pidgin huzipunguza, kwa sababu kila itifaki ina kikomo chake cha vipimo na uzito. Lakini kikomo chenyewe kimeandikwa kwenye msimbo ambao hata mtu aliyeshindwa kulipa karo anaweza kuusoma. Tena mwaka 2016 Cisco Talos walifichua mashimo kadhaa katika kipande cha libpurple kilichokuwa kikizungumza na Mxit, chati ya Afrika Kusini. Moja lilitokana na kuliamini jina la picha lililotumwa na seva, kiasi kwamba seva yenye nia mbaya ingeweza kuandika juu ya faili lako. Makosa yapo. Ila ni makosa ya mbebaji aliyejikwaa, na mimi leo nagombana na mbebaji anayepunguza mzigo njiani.

Najua nitajibiwa nini. Jibu la kwanza ni bando. Ati mtu aliyenunua bando la shilingi ishirini atapakuaje megabaiti nne kila asubuhi za maua yaliyoandikwa "Mungu awabariki"? Kweli kabisa, hawezi, na hao maua siwatetei. Basi mwonyesheni ndogo, itunzeni kubwa. Kijipicha kitangulie, anayetaka yote aguse. Mtasema kutunza kunagharimu. Sawa, semeni hivyo basi, waziwazi, tuamue kama tutalipa. Mkikaa kimya mmetuamulia.

Kwa sababu kinachotupwa hakirudi. JPEG hugawa picha katika vijiboksi vya pikseli 8 kwa 8, na ndani ya kila kimoja hutupa tofauti ndogo ndogo ambazo jicho halizioni sana. Ukifungua, ukapunguza vipimo, ukabana upya, unatupa juu ya kilichokwisha kutupwa. Yale maboksi ya jamaa wa kuprinti hayakuwa mafumbo, alikuwa anayaona.

Jibu la pili ni usalama, na hili nalichukulia kwa uzito. Picha ya simu hubeba maelezo pembeni, EXIF: saa, aina ya simu, mara nyingine mahali uliposimama. Wakati wa maandamano ya Juni 2024 nilituma picha kutoka jijini, na nilishukuru kwamba zilifika bila ramani ya mahali nilipokuwa. Lakini kuondoa EXIF hakuhitaji kugusa hata pikseli moja. Imekaa kwenye sehemu yake mwanzoni mwa faili. Unaing'oa, picha inabaki ilivyo.

Na wanaodai lazima programu ifungue kila picha ndipo tuwe salama, wakumbuke 2021. Citizen Lab ya Chuo Kikuu cha Toronto ilikuta ndani ya simu ya mwanaharakati wa Saudi Arabia mafaili yaliyojiita .gif ambayo hayakuwa GIF. Mengine yalikuwa PDF, na yalikuwa njia ya kuingiza Pegasus ya NSO Group. Mwenye simu hakuhitaji kugusa chochote. Baadaye watafiti wa Google Project Zero walieleza jinsi mlango ulivyofunguka, na hapo ndipo nilipochoka kabisa. iMessage ilitaka GIF zizunguke bila kukoma. Hiyo ni kazi ya kubadilisha namba moja kwenye faili na kunakili zilizobaki, na fanksheni yenyewe ilikuwa na jina la kunakili. Ila ndani haikuwa inanakili. Ilikuwa inakipa faili kifungua-picha cha Apple, nacho hakijali jina la faili, kinakisia aina yake chenyewe na kuanza kulifungua. Kilifungua PDF ya adui, kimya kimya, mwenyewe hajui. Apple waliziba Septemba 2021.

Kwa hiyo mnaponiambia kufungua ni kunilinda, nauliza: nani aliwatuma? Aliyetumiwa picha ataifungua mwenyewe akitaka kuiona. Wewe wa katikati ulipewa baiti na idadi yake. Zifikishe.

Kuna kitufe cha HD, utasema, ama tuma kama dokumenti. Kwanza hiyo HD mara nyingi nayo hupunguza, ila kwa upole. Pili, binamu yangu alikuwa na miaka 15 na ilikuwa Krismasi. Ni nani humu nchini hutuma shosho kama dokumenti? Kitufe kikiwa upande wa kuharibu mpaka mtu akigeuze, hiyo si hiari. Kigeuzeni. Picha itoke nzima, na anayetaka ndogo ndiye aguse. Na mkipunguza, andikeni chini yake kwa lugha ninayoongea na mama yangu: imepunguzwa.

Mwishowe tuliiprinti saizi ya daftari, maana kubwa zaidi ya hapo jamaa alikataa kutoza pesa. Tukaiweka juu ya jeneza, kati ya mashada. Wazee waliokuwa wameketi nyuma ya hema wakawa wanaulizana kama hiyo ni picha ama ni kadi.