Gari limepigiwa makofi, mwandishi yuko mlangoni

BARAZANI na Bin Kunguru

Ijumaa iliyopita nilialikwa kwenye hoteli moja ya ufukweni hapa Dar es Salaam, kushuhudia uzinduzi wa tamthilia mpya. Siitaji kwa jina. Wenyewe wanajijua.

Mshereheshaji akaanza kuita watu jukwaani. Akamwita mwigizaji mkuu, ukumbi ukalipuka. Akamwita mwongozaji. Akamwita mtayarishaji, aliyehutubia mpaka barafu ikayeyuka kwenye glasi. Wakafuata aliyeshona magauni, aliyewapaka wanja, mwenye duka la makochi, hata mwenye gari jeupe lililoazimwa kwa ajili ya harusi ya sehemu ya tatu. Gari nalo likapigiwa makofi.

Nikangoja aitwe mwandishi. Hakuitwa.

Alikuwa mlangoni, kijana mwembamba, anabembelezana na mlinzi kwa sababu jina lake halikuwa kwenye orodha. "Kaka, kwani wewe kwenye hii kazi ni nani?" mlinzi akamuuliza. "Mimi ndiye niliyeiandika." Mlinzi akamtazama kwa huruma. "Basi subiri kidogo, waingie kwanza wenye kadi." Simlaumu mlinzi. Orodha aliandikiwa na wakubwa, na aliyeiandika ndiye mwandishi pekee aliyeheshimiwa usiku ule.

Nikamfuata mtayarishaji. Akanijibu huku anatafuna sambusa: "Bin Kunguru bwana, hadithi kila mtu anazo." Sawa. Mchele nao kila mtu anao, lakini biriani hatuendi kula kila nyumba. Wasomaji wangu wa siku nyingi mnajua: nikishafika kwenye biriani, hasira imevuka kiwango.

Nimerudi nyumbani, namkuta shemeji yangu (yuleyule wa king'amuzi, na hapana, bado hajalipia) amechomeka flashi anarudia Breaking Bad. Waigizaji wote anawajua, mpaka anayekuja kufa baada ya dakika mbili. Nikamuuliza, "Shemeji, nani ameitunga hii?" Akapunguza sauti ya televisheni, kisha akaiongeza.

Aliyeitunga ni Vince Gilligan, na maisha yake ya kazi ni kofi la uso kwa watu wa sambusa. Miaka ya 1990 alikuwa mwandishi wa kuajiriwa katika The X-Files, tamthilia ya Chris Carter. Akapanda ngazi kwa kalamu hadi kuwa mmoja wa watayarishaji wakuu. Mwaka 1998 akaandika sehemu moja iliyomhusu mtu mwenye hasira na maumivu ambaye mtazamaji analazimika kumwonea huruma. Aliyemwigiza ni Bryan Cranston.

Miaka ikapita. Gilligan akapata tamthilia yake mwenyewe, akamtaka Cranston. Wakubwa wa kituo cha AMC wakasita: huyu si yule baba wa vichekesho vya Malcolm in the Middle? Gilligan akawaonyesha ile sehemu ya 1998. Wakanyamaza. Breaking Bad ilianza Januari 2008, ikaisha Septemba 2013 ikiwa na sehemu 62, na Cranston akachukua tuzo ya Emmy mara nne kwa nafasi ile. Aliyemwona kabla ya wote ni mwandishi!

Tena hakupanda peke yake. Peter Gould alikuwa mmoja wa waandishi wa Breaking Bad. Ndiye aliyeandika sehemu iliyomleta wakili Saul Goodman mwaka 2009. Mwaka 2015 wakili huyo akapata tamthilia yake, Better Call Saul, iliyobuniwa na Gould pamoja na Gilligan. Kalamu inazaa kalamu. Kwa wenzetu, waongozaji wanapishana, huyu anaongoza sehemu hii, yule ile; mwandishi mkuu anabaki, na kauli ya mwisho ni yake, kuanzia uteuzi wa waigizaji hadi chumba cha uhariri.

Msiniambie Marekani wana fedha. Fedha hazijawahi kumzuia mtu kuita jina jukwaani. Na waandishi wa huko walipoona wanapunjwa mwaka 2023, waligoma siku 148. Vipindi vya vichekesho vya usiku vikazimika mara moja. Hapa kwetu mwandishi akigoma, mtayarishaji anampigia simu binamu yake.

Ndiyo maana kila tamthilia yetu ina mama mkwe anayesikiliza nyuma ya mlango, na marehemu anayerudi msimu wa pili akiwa na ndevu. Anayeijua hadithi hana kauli. Mwenye kauli haijui hadithi.

Watayarishaji, mkataba ujao mpeni mwandishi kiti kwenye uteuzi wa waigizaji na sauti kwenye uhariri. Nawe msomaji, majina yakianza kupita mwishoni usikimbilie rimoti. Mtafute mwandishi. Usipoliona jina lake, usije kwangu kulalamika kwamba hadithi haina kichwa wala miguu.